Mgeni Asiyeuliza

Shangazi aliingia dukani na futi kamba mkononi, akasalimia nusunusu, akaanza kupima ukuta. Alipima urefu, akapima upana, akainama akapima mpaka chini ya kaunta, na kila kipimo alikitaja kwa sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kaka yake, mwenye duka, alisimama nyuma ya kaunta hiyo akiinua mguu mmoja baada ya mwingine ili futi ipite.

"Viti mia mbili vinaingia hapa," shangazi alisema. "Vikipangwa vizuri, na meza zake."

Chumba kilikuwa cha shangazi, hilo halikuwa na ubishi. Shangazi alikodisha viti vyeupe vya plastiki kwa watu wenye shughuli, na paa la stoo yake lilikuwa limeanza kuvuja. Kaka yake aliuza vipuri vya cherehani, na siku hizi biashara ilikuwa imelala kiasi kwamba mteja mmoja akitokea asubuhi, alisimuliwa mpaka jioni.

Mtaa mzima ulimwita kaka huyu Mzee Pazia. Kati ya kaunta na rafu zake lilining'inia pazia zito la buluu, toka ukuta hadi ukuta, na hakuna mteja aliyewahi kuona kilichokuwa nyuma yake. Utaratibu wa duka ulikuwa mmoja: unasimama, unauliza. Mzee Pazia anakusikiliza kichwa kikiwa upande, anazama nyuma ya pazia, unasikia makopo yakigongana, anarudi na kipuri chako kiganjani. Juu ya kaunta aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: ULIZA UPEWE. Aliyapenda maneno hayo kuliko hata mauzo.

"Wifi," alisema mke wa Mzee Pazia, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wateja na kuwachekesha wakati mumewe akipekua nyuma, "mbona unatupima kama maiti na bado tunapumua? Binti yetu ametengeneza tovuti. Vipuri vyote vimo humo, elfu tatu na ushei."

"Tovuti ina miezi mitatu, wifi. Imeleta nani?"

Mke wa Mzee Pazia akatazama mlangoni, kana kwamba huenda mtu angeingia muda huo kumwokoa. Hakuingia mtu.

"Mimi si katili," shangazi aliendelea huku akiizungusha futi kamba yake. "Nileteeni mteja mmoja. Mmoja tu, mgeni kabisa, asiyetujua wala kulijua duka hili, aletwe na hiyo tovuti yenu kabla mwezi haujaisha. Nikimwona kwa macho yangu, nafunga mdomo, na viti navitafutia pengine."

"Wewe kufunga mdomo, wifi? Hilo peke yake linatosha kututia bidii."

Shangazi hakucheka. Alimgeukia kaka yake, akalainisha sauti. "Na wewe kaka, sitakutupa. Utakuwa unanihesabia viti vinapotoka na vinaporudi. Kazi ya kukaa tu."

Alisema kwa wema wa moyo, na ndiyo maana iliuma. Mzee Pazia aliitikia, "Asante, dada," kisha akaingia nyuma ya pazia ingawa hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kitu.

*

Binti yao alikaa mwisho wa kaunta na kompyuta yake. Tovuti ile aliijenga kwa mikono yake, lakini kwa matakwa ya baba. Baba alitaka iwe kama duka, naye akaifanya iwe kama duka: ukurasa mmoja mweupe, maneno ya ULIZA UPEWE kwa rangi nyekundu, na chini yake kisanduku cha kuandikia. Unaandika unachotaka, kinaletwa. Baba alipoiona siku ya kwanza aliipigia makofi.

Sasa binti alishika simu akajifanya mteja. Akatafuta sindano za cherehani. Yakaja maduka ya watu. Akatafuta bobini za kuzungushia uzi, mikanda. Yakaja ya watu vilevile. Duka lao halikuonekana hata kwa bahati mbaya. Akafungua kumbukumbu za tovuti kuona nani huwa anaingia, akasoma, akasoma tena, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Kuna la kuchekesha?" mama aliuliza. "Tugawie, tuna njaa ya kicheko."

"Tuna mgeni, mama. Amekuja mara arobaini na moja. Kila akija anasoma ukurasa mmoja, anaondoka."

Mzee Pazia alitoa kichwa kwenye pazia. "Mgeni gani huyo?"

"Roboti ya mtambo wa kutafuta. Si mtu wa bati, baba, ni programu tu. Ukitafuta kitu kwenye simu, mtambo haukimbii wakati huo kwenda kukagua maduka. Roboti zake zilishazunguka mapema, zikasoma kila ukurasa zilioufikia, zikaandika kwenye daftari lake. Kisichokuwamo kwenye daftari, kwa mtambo hakipo duniani."

"Na sisi tumeandikwaje?"

"Tumeandikwa hivi: duka moja, lina kisanduku. Basi."

Alipoona hawajamwelewa, alisimama akatoka nje. Akarudi akiingia kwa hatua za kuhesabu, kimya, uso mkavu. Akaitazama kaunta. Akasoma maandishi mekundu. Akalitazama pazia. Kisha akageuka akatoka.

"Huyo bubu?" Mzee Pazia alimaka. "Si aulize!"

"Ndiyo hivyo baba, haulizi!" Binti alirudi ndani mbio. "Hana mdomo. Ana miguu tu. Akiona mlango anaingia, akiona mwingine anaingia, na kwenye tovuti milango ni viungo, yale maneno unayobonyeza kwenda ukurasa mwingine. Sisi hatuna hata kimoja. Vipuri vyetu vimelala kwenye hifadhidata, ghala la ndani ya kompyuta, na ukurasa wa sindano haupo mpaka mtu aandike neno sindano. Akiandika, kompyuta inautunga palepale. Roboti haiandiki. Kwa hiyo haujawahi kuwapo."

Mama aliona uso wa mumewe ukibadilika, akaacha kucheka.

"Kwa hiyo kosa ni langu," Mzee Pazia alisema.

"Ni letu. Mjenzi nilikuwa mimi."

"Unataka niondoe pazia."

"La kwenye tovuti tu, baba."

Mzee Pazia alilipapasa pazia lake la kweli, pale ambapo mikono yake ilikuwa imelififisha rangi. "Mwanangu, mimi nina kitu kimoja. Najua kila kilichoko huku nyuma, hata gizani, kwa kugusa. Watu wanakuja kuniuliza mimi. Kila kitu kikionekana, mimi nitakuwa wa nini?"

Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Mama alikwenda kusimama karibu naye.

"Mume wangu, kama ni kukaa tu, dada yako ameshakupa kazi."

Mzee Pazia alivuta pumzi ndefu. "Ondoa," alisema. "La tovuti."

*

Kazi ilichukua siku nne. Binti alikipa kila kipuri ukurasa wake, na kila ukurasa anwani yake ya kudumu, fupi, ya maneno yanayosomeka, badala ya mkia wa tarakimu na alama za kuuliza uliokuwa ukibadilika kila mtu anapoingia. Akazipanga kurasa kwa aina za cherehani, toka mlango mkubwa hadi mdogo, ili mgeni wetu asiyeuliza aweze kutembea kwa miguu yake mpaka kwenye sindano ya mwisho. Kisha akaandika orodha ya kurasa zote mahali pamoja, kama ramani, akaikabidhi kwa mtambo wenyewe.

Katika siku hizo nne shangazi alileta viti kumi kila siku. "Kujaribu tu kama vinakaa," alisema. Alivipanga pembeni, kimoja juu ya kingine, akaenda zake akiimba. Siku ya nne vilikuwa arobaini, na Mzee Pazia alipita kiubavuubavu kuifikia kaunta yake mwenyewe.

Roboti ilikuja siku ya sita. Ilisoma kurasa elfu tatu na mia moja. Mama alicheza kidogo kati ya viti. Kesho yake binti alishika simu, akatafuta sindano za cherehani nzito, akangoja. Yakaja maduka ya watu.

"Haiwezekani," alisema. "Imesoma kila kitu!"

Akafungua kurasa zake moja moja, na alipofika wa tano akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kila ukurasa, kati ya hizo elfu tatu na mia moja, ulikuwa na kichwa kilekile: Karibu, Uliza Upewe. Chini yake namba ya kipuri, neno chuma au neno plastiki, na hakuna zaidi.

"Nimezaa watoto elfu tatu nikawapa wote jina moja," alisema. "Roboti imeona zote ni ukurasa mmoja uliorudiwa, ikazitupa kando."

Mama alichungulia kwenye kompyuta. "Huyu K40 ndiye nani?"

"Ni yale meno ya chini, yanayosukuma kitambaa."

"Sasa si useme! Miaka yote nimesimama hapa, hajawahi kuingia mtu akaniambia, mama, naomba K40. Wanasema, mama, cherehani yangu haisukumi kitambaa, yale meno ya chini yameisha makali."

Binti akasogeza kiti, kimoja cha shangazi, akakipangusa. "Kaa hapa, mama. Wanasemaje kuhusu hiki?"

Mama akakaa, na hapo ndipo kazi ilipopata mwenyewe. Mzee Pazia alileta kipuri kutoka nyuma ya pazia, akataja jina lake la heshima na cherehani inayokichukua. Mama alitaja jina wanaloliita watu. Binti aliandika yote mawili, kila ukurasa na kichwa chake, kila kipuri na maelezo yake. Walianza na vile mia tatu vinavyoulizwa sana. Vilivyobaki walivipa jina la kawaida na aina ya cherehani, vikasubiri zamu yao.

"Kikasha cha bobini," Mzee Pazia alisema.

"Kile kinachodondoka ukikohoa," alisema mama.

"Mke wangu, tuwe watu wazima."

"Andika, mwanangu. Kinachodondoka wakati unashona."

"Springi ya kukandamiza mguu unaobana kitambaa."

"Ile inayorukia chini ya kabati ukiifungua na hutaiona tena mpaka uhame nyumba."

Mzee Pazia alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka hadi akashika kaunta. Walikuwa hawajakaa hivyo muda mrefu, wote watatu, wakigombania majina ya vyuma. Alipokuja shangazi na viti vyake kumi vya siku hiyo aliwakuta wanapangusa machozi, akahisi anachekwa yeye.

"Chekeni," alisema. "Mwezi umebakiza siku nane."

*

Siku ya mwisho ya mwezi viti vilikuwa vimefika dari. Mkokoteni wenye vilivyobaki ulisimama nje, na shangazi mwenyewe alikaa mlangoni amevaa kilemba kipya, kama mtu aliyealikwa. Roboti ilikuwa imepita tena, na tena. Binti alikuwa ameona kurasa zao zikianza kutokea, moja hapa, mbili pale. Lakini kuonekana si kuja, na shangazi alisema mtu, hakusema ukurasa.

Saa nne wakapita watu wawili bila kugeuza shingo. Saa tano akaingia mtu, mama akanyanyuka. Kumbe anatafuta choo. Mzee Pazia alikuwa ameshaanza kuyafuta vumbi maandishi yake mekundu, polepole, kama mtu anayeaga.

Hata saa sita haijafika, aliingia mwanamke mwenye nyuzi zilizomganda kwenye aproni, simu mkononi, akihema. Aliviangalia viti, akarudi nyuma hatua moja kutazama juu ya mlango, akaingia tena.

"Samahani, nimepotea? Natafuta hapa." Akasoma kwenye simu. "Cherehani haisukumi kitambaa, meno ya chini yameisha makali, cherehani nzito za turubai."

Mama alikuwa amemshika binti mkono kwa nguvu hadi binti akaguna.

Shangazi ndiye aliyesimama. "Nani kakutuma, mama? Unawajua hawa?"

"Siwajui hata mmoja."

"Mtaa huu umewahi kufika?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, na nimeuliza njia mara tatu. Niliandika tu tatizo langu kwenye simu, ikaja hii." Alimwonyesha. Shangazi aliishika simu ile, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha.

Mzee Pazia alikuwa ameshazama nyuma ya pazia. Makopo yaligongana. Akarudi na meno mapya, yanang'aa, lakini hakuyaweka kwenye kaunta. Aliinamisha kichwa upande.

"Kitambaa kinagoma kabisa, au kinasogea kisha kinasita?"

"Kinasogea kidogo, kinasita."

"Turubai tu, au hata nguo nyepesi?"

"Hata nyepesi, baba."

"Na ukishusha ule mguu, unashuka kwa kishindo au unashuka kivivu?"

Mwanamke alifikiri. "Kivivu. Kama umechoka."

Mzee Pazia akafumba kiganja. "Meno yako ni mazima, mama. Usinunue haya. Kilichochoka ni springi ya juu yake, haiukandamizi tena mguu. Ni kitu kidogo tu."

"Kaka!" Shangazi alishindwa kujizuia. "Mwezi mzima mteja mmoja, na unamwambia asinunue?"

"Hahitaji, dada."

Mwanamke alimtazama Mzee Pazia, kisha yale meno yaliyofichwa kiganjani. "Wiki mbili nazunguka maduka," alisema. "Yote yameniuzia kitu, na cherehani iko vilevile. Hakuna hata moja lililoniuliza swali." Akavuta kiti kimoja cheupe, akaketi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Karakana yangu ina cherehani tisa. Naomba unisikilize. Ya kwanza inakata uzi."

Alisoma, na Mzee Pazia alisikiliza, na kila alipofika mwisho wa cherehani moja alizama nyuma ya pazia akatoka na kitu. Mara mbili alitoka mikono mitupu akasema hiyo haina ugonjwa, itie mafuta. Walipofika ya saba mwanamke alisema, "Sindano zenyewe sijui majina yake. Naweza kuziona?"

Mama na binti wakatazamana. Swali hilo halikuwahi kujibiwa ndiyo katika duka lile.

Mzee Pazia alilishika pazia kwa ukingo wake. Alisimama hivyo kidogo. Kisha akalivuta, likaenda likilalamika mpaka ukutani, mahali ambapo pete zake hazikuwahi kufika. Rafu zilijitokeza zote, makopo kwa makopo, kila moja na karatasi yake ya mwandiko mzuri wa kulala. Mwanamke alisimama akasema, "Maskini! Vyote hivi mlivificha?" Akaingia ndani, na kila alichogusa aligeuka kumuuliza Mzee Pazia, hiki je? Na hiki?

Mzee Pazia alikuwa akijibu pande tatu kwa wakati mmoja. Aligundua kwamba hajapungukiwa na kitu, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa hata akashindwa kutaja jina la bobini.

*

Shangazi alitimiza neno lake. Aliurudisha mkokoteni, akapata chumba kwa jirani wa pili, na akafunga mdomo kweli. Hakusema neno saa sita, hakusema saa saba. Mtaa uliingiwa na wasiwasi, jirani mmoja akaja kuuliza kama anaumwa.

Saa tisa alijongea mwisho wa kaunta, alipokaa binti, akainama.

"Mwanangu," alinong'ona. "Hivi huyo mgeni wako asiyeuliza, viti anavijua?"

"Wifi!" mama alipaza sauti kutoka rafuni. "Si ulisema umefunga mdomo?"

"Siongei na wewe. Naongea na mtoto wa kaka yangu."

Binti alifungua ukurasa mpya. "Atavijua, shangazi, tukimwandikia. Lakini tunaandika kama wateja wanavyosema, si kama tunavyotaka sisi. Watu wakivitafuta viti vyako, wanaviitaje?"

Shangazi alikohoa. Alitazama dari, akarekebisha kilemba. Mzee Pazia alikuwa ameacha kupanga makopo ili asikie.

"Wanasema," shangazi alianza, akasita. "Wanasema, twende tukachukue vile viti vyeupe vya yule mama mkali."

Mama alilazimika kushika rafu. Binti aliuma midomo, akaandika neno kwa neno, akageuza kompyuta ili shangazi ajisomee.

"Toa hilo la mkali," shangazi alisema.

"Nikilitoa, shangazi, hawatakupata."

Shangazi akayatazama yale maneno, akawatazama mmoja mmoja wanavyojizuia kucheka, akavuta kiti chake cheupe, akakaa.

"Basi acha," alisema.